Saa Nne Hadi Saa Nane

Hotuba kwa wanafunzi wa sayansi ya maabara na maafisa afya wa halmashauri, Tanzania

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, waganga wakuu wa wilaya mliofika, maafisa afya, walimu, wanangu wanafunzi: wakubwa zangu shikamooni. Ninyi wengine nimeshawaitikia marahaba pale mlangoni mpaka koo likakauka, kwa hiyo tuanze.

Pale nyuma, kwenye meza iliyo karibu na dirisha, kuna darubini, na chini yake kuna slaidi ya choo iliyotengenezwa leo asubuhi kwa njia ya Kato-Katz, ile ya kupaka choo kidogo kilichopimwa na kuhesabu mayai ya minyoo. Mlipokuwa mnaingia mlipanga foleni, kila mmoja akachungulia, na kijana aliyekaa pale akaandika kile ambacho wengi wenu mlikubaliana: mayai 14 ya safura, yaani minyoo wanaonyonya damu tumboni, na mayai 9 ya minyoo mjeledi. Karatasi hiyo ninayo hapa mfukoni. Nimeomba taa ya darubini izimwe, slaidi isiguswe, na mtu asisogee pale mpaka nimalize. Tutairudia.

Mada niliyopewa ni mwenendo na udhibiti wa magonjwa ya vimelea katika nchi inayoendelea. Nchi ninayoijua mimi ni hii yetu. Nimekaa maabara miaka zaidi ya thelathini, nusu pwani na nusu Kanda ya Ziwa, na mgongo wangu unaweza kuwathibitishia. Sitawatajia vimelea vyote na mzunguko wa maisha wa kila kimoja, hayo walimu wenu wameshawachosha nayo. Mimi nataka tuzungumze juu ya namba, kwa sababu ninyi ndio mtakaozizalisha. Na niseme mapema msimamo wangu: katika kazi hii naiogopa namba ndogo kuliko namba kubwa.

Mzee aliyenifundisha kazi, Mungu amrehemu, alikuwa akisema mdudu ana saa zake za kuwa barazani, ukienda saa siyo utaambiwa hayupo. Nilidhani ni utani wa wazee. Baadaye nikaona ni sayansi tupu.

Chukueni kichocho cha mkojo. Minyoo wake wanakaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu, dume kamkumbatia jike kwenye mfereji wa mwili wake, wanaishi hivyo kwa miaka, na jike anataga kila siku ya Mungu. Mayai mengine yanapenya ukuta wa kibofu yakatoka na mkojo, mengine yananasa humo humo na kuleta makovu. Yale yanayotoka hayatoki kwa kiwango kimoja kutwa nzima. Yanatoka kwa wingi jua likiwa juu. Ndiyo maana mnafundishwa kukusanya mkojo kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mnachukua mililita 10, mnaupitisha kwa sirinji kwenye chujio, mnaweka chini ya darubini na kuhesabu yale mayai yenye mwiba mkiani. Mtoto yule yule ukimpima saa moja asubuhi unaweza kumwandikia mzima.

Kwa nini mchana? Tazameni upande wa pili wa mzunguko. Viluwiluwi wa kichocho wanaotoka kwenye konokono kwenda kutafuta ngozi ya mtu nao wanatoka kwa wingi mchana, kwenye saa hizo hizo. Ni saa ambazo watoto wametoka shule na wapo mtoni wanapiga mbizi, mama wanafua, vijana wanaosha pikipiki. Mtoto anakojolea maji saa sita, yai linaanguliwa, kilichotoka kinamtafuta konokono, na konokono aliyeambukizwa wiki zilizopita anamwaga viluwiluwi kwa maelfu miguuni pa mtoto yule yule. Mnyoo huyu anaijua ratiba ya watoto kuliko mwalimu wa zamu.

Sasa njooni kwenye matende na mabusha. Minyoo wakubwa wanakaa kwenye mishipa ya limfu, na watoto wao wanaogelea kwenye damu. Mchana wanajificha kwenye mishipa ya ndani ya mapafu. Usiku, mbu wanapoanza kazi, nao wanatoka kwenye damu ya juu juu ili wanyonywe. Kwa hiyo damu ya kuwatafuta tulikuwa tunaichukua kuanzia saa nne usiku mpaka saa nane usiku. Saa ni zile zile za kichocho, tofauti ni jua na mwezi. Siku hizi kuna vipimo vya haraka vinavyosoma mchana, na ninyi hamtakesha kama sisi. Nawaonea wivu kidogo, na kidogo nawasikitikia.

Niwaeleze usiku mmoja. Ilikuwa kijiji cha pwani, chini ya mwembe, nyumbani kwa mjumbe. Taa ni karabai, na kijana wa miaka kama ishirini, mwenye afya ya kubeba magunia, alikuwa ametushikia hiyo karabai tangu tulipoanza. Watu wakatobolewa vidole mmoja mmoja. Wa mwisho akaja mzee mmoja mvuvi, kafunga kikoi kwa kukilegeza sana, akakaa kwenye benchi kama wanavyokaa wenye mabusha: mkono unatangulia, mwili unafuata. Nikamtoboa. Akaniuliza, "Mwanangu, damu zetu mnakuja kuzichukua usiku kama wachawi, asubuhi mtaniletea nini?" Nikamjibu, majibu, baba. Akacheka. "Majibu ninayo mwenyewe. Nimeyakalia mwaka wa ishirini huu."

Nilipaka rangi slaidi zile kesho yake. Ya mzee haikuwa na kitu, hata mdudu mmoja. Kitabuni nikaandika sifuri, mbele ya jina la mtu mwenye busha kubwa kuliko yote niliyoyaona mwaka ule. Nikamkumbuka yule kijana wa karabai, ambaye tulimpima mwishoni kwa kumshukuru tu kwa msaada wake. Slaidi yake ilikuwa inatisha, wadudu wamejaa kila ulipotazama.

Wanangu, hilo si ajabu ya siku moja, ndivyo ugonjwa ule ulivyo. Busha ni kovu la vita vilivyopiganwa zamani, mara nyingi minyoo walishakufa. Anayembeba mdudu na kumgawia mbu ni yule asiyeumwa. Ukihesabu wagonjwa unahesabu jana, na ukihesabu wadudu kwenye damu unahesabu kesho. Wanasiasa wakikuuliza "ugonjwa umepungua?" waulize kwanza wanataka kujua upi.

Tuje kwenye mwenendo wenyewe, na nitaanza na habari njema kwa sababu zipo. Malaria nayo ni kimelea, watu wanasahau. Tafiti za kitaifa za Tanzania zilizopima watoto wa chini ya miaka mitano zilikuta vimelea kwa asilimia 18 mwaka 2007/08, asilimia 9 mwaka 2011/12, asilimia 14 mwaka 2015/16, asilimia 7 mwaka 2017, na asilimia 8 mwaka 2022. Mmesikia hizo namba vizuri? Kila mtu anasema malaria imeshuka kutoka 18 hadi 8, na ni kweli. Lakini katikati hapo kuna mahali ilishuka hadi 9 ikapanda tena hadi 14. Na huo wastani wa 2022 umechanganya mikoa ambayo ni kazi kumpata mtoto mwenye malaria na mkoa kama Tabora uliozidi asilimia 20. Wastani wa taifa hakuna mtoto anayeuugua. Dawa nayo ina hadithi yake: klorokwini iliachwa 2001, SP (sulfadoxine-pyrimethamine) ikashika nafasi kwa miaka michache tu, dawa mseto ya ALu ikaingia mwishoni mwa 2006, na sasa kule Kagera vimeshaonekana vimelea vinavyochelewa kufa kwa artemisinini, kiungo kikuu cha mseto huo. Sitakaa hapo, malaria ina watetezi wengi na bajeti yake. Mimi nasimama upande wa wale ambao wizara yenyewe inawaita magonjwa yaliyokuwa hayapewi kipaumbele. Jina hilo peke yake ni ungamo.

Zanzibar ilianza kumeza dawa za matende nchi nzima mwaka 2001, albendazole pamoja na ivermectin, kila mwaka, mtoto kwa mzee isipokuwa wajawazito, watoto wadogo sana na wagonjwa. Ilikuwa kati ya za kwanza Afrika kufanya hivyo kwa nchi nzima. Watu walimeza kwelikweli. Baada ya mizunguko mitano, sita, wadudu kwenye damu walikuwa karibu hawaonekani, na mwaka 2006 ugawaji ukasimama. Ulikuwa ushindi, na ulisherehekewa hivyo. Miaka ikapita. Wapimaji waliporudi wakakuta maambukizi yanaendelea, Pemba hasa. Mwaka 2013 kingatiba ikaanza upya.

Dawa ile haikushindwa, ilifanya kazi yake yote: inaua watoto wa minyoo na kuwaziba mbu wasipate cha kubeba. Minyoo wakubwa ni wagumu, wanaishi miaka mingi. Na mbu wa mjini, yule anayezaliwa kwenye mashimo ya vyoo yenye maji na kwenye makaro, hajawahi kuambiwa asimame. Wakibaki watu wachache kama kijana wangu wa karabai, na mbu wapo, mlango haujafungwa, umerudishiwa tu.

Wazanzibari wenyewe walikuwa wameshaonyesha namna ya kuufunga, miaka ya themanini mwishoni, pale Makunduchi. Mnazijua zile chembe nyeupe nyepesi zinazofungiwa televisheni mpya, zinazorukaruka sebuleni kama theluji ya bandia? Ni polistirini. Wataalamu walimwaga chembe zile kwenye vyoo vya mashimo vyenye maji. Zikaelea juu, zikatanda kama blanketi. Mbu hapati pa kutagia, na viluwiluwi waliomo hawapati pa kupumulia. Blanketi lile halimezwi, halina tarehe ya kuharibika, linakaa humo miaka. Wakati huo huo watu wakapewa dawa. Idadi ya mbu ikaanguka na wadudu kwenye damu wakaanguka, na hawakurudi haraka kama ilivyokuwa mahali palipopewa dawa bila chembe. Nawaambieni, katika maisha yangu yote sijaona kitu cha kitaalamu kilichonifurahisha kama choo kile. Lakini huwezi kukata utepe kwenye shimo la choo, nadhani hilo ndilo lililokiponza.

Tukiwa kwenye vitu vya bei ndogo: mwaka 1986 watu wapatao milioni 3.5 kwa mwaka walikuwa wanaugua mnyoo wa Guinea, yule anayetoka mguuni akiwa mrefu kama uzi wa kushonea. Mwaka 2023 waliobaki duniani kote walikuwa 14. Hakuna dawa inayomuua wala chanjo. Ni kitambaa cha kuchujia maji, kumzuia mgonjwa asiingie kisimani, na kuuliza nyumba kwa nyumba. Angalieni kitu kimoja hapo: kadiri wagonjwa walivyopungua ndivyo msako ulivyozidi, mpaka nchi zikatangaza zawadi ya fedha kwa atakayeleta habari za mgonjwa mmoja. Sisi huku tukibakiwa na wagonjwa wachache tunavunja kamati.

Turudi kwenye kichocho, maana hapo ndipo maafisa afya mtanisaidia. Silaha yetu ni praziquantel, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Vijijini hakuna mizani za kutosha, kwa hiyo tunatumia fimbo ya dozi: mtoto anasimama, urefu wake unagusa mstari, mstari unasema vidonge vingapi. Fimbo hiyo inaanzia sentimita 94. Aliye mfupi zaidi ya hapo hana mstari wake.

Nendeni mwaloni, yeyote ule wa Ziwa Victoria, saa tano asubuhi. Mtamkuta mama kapiga magoti kwenye maji anasugua sufuria kwa mchanga, na pembeni yake mtoto wa mwaka mmoja na nusu kakalishwa ndani ya beseni. Maji ya beseni yametoka ziwani dakika hiyo hiyo. Mama anadhani kamtoa mtoto kwenye maji, kumbe kamletea maji kwenye beseni. Kwa miaka mingi dawa yetu iligawiwa shuleni, kwa wenye umri wa kwenda shule, na mtoto huyu aliisubiri miaka minne huku minyoo wanataga. Baba yake aliye kwenye mtumbwi hakupewa, kwa kuwa si mwanafunzi. Dada yake aliyeacha shule hakupewa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo: penye maambukizi ya kuanzia asilimia 10, apewe kila mtu kuanzia miaka miwili. Mwaka 2024 kidonge kidogo cha watoto wa chekechea, kinachoyeyuka kwenye maji na kisicho na ule uchungu wa kutapisha, kikapata idhini ya shirika hilo. Ni hatua, lakini kidonge kuwa na idhini na kidonge kumfikia mtoto wa kwenye beseni kunaachana mbali, na katikati hapo mpo ninyi.

Na msisahau praziquantel haiui mnyoo mchanga. Mtoto aliyeambukizwa wiki mbili zilizopita akimeza leo, wale wachanga wanabaki, wanakua, na wataanza kutaga. Ukimpima baada ya mwezi utamwona msafi. Namba ndogo hiyo, nyingine tena.

Kuna namba nyingine ambayo haikuwahi kuandikwa popote, nayo ni ya akina mama. Mayai ya kichocho cha mkojo hayaishii kwenye kibofu, yananasa pia kwenye shingo ya kizazi na ukeni. Mwanamke anapata maumivu, damu baada ya tendo, uchafu unaotoka. Anakwenda zahanati, anaandikiwa dawa za magonjwa ya zinaa, anaambiwa amlete mume. Dawa hazisaidii, anarudi, anaandikiwa tena. Nyumbani maneno yanaanza. Nimekaa dirishani pa maabara nikaona wenza wanavyotoka hapo, mmoja anatangulia hatua ishirini. Hakuna aliyeomba apimwe kichocho, kwa sababu kwenye vichwa vya watu kichocho ni ugonjwa wa wavulana wanaokojoa damu. Vidonda hivyo vinahusishwa pia na kupata VVU kwa urahisi zaidi. Ninyi wa maabara fomu ikija imeandikwa magonjwa ya zinaa tu, na anakoishi ni kando ya mto wenye konokono, mpigieni daktari simu. Atakasirika, halafu atazoea.

Maafisa afya, ninyi nina neno lenu juu ya uji. Praziquantel ikimezwa tumbo tupu, na mtoto ana minyoo wengi, anatapika, anaumwa tumbo, anaishiwa nguvu. Mwaka 2008 huko Morogoro watoto walimezeshwa shuleni, wakaanza kuumwa, habari zikakimbia kuliko gari la wilaya, na wazazi wakavamia shule wakiamini watoto wao wamelishwa sumu. Kulikuwa na vurugu hasa. Waliokaa ofisini walisema ni ujinga. Mimi nasema, mzazi aliyeagana na mtoto mzima asubuhi akaitwa saa sita kumchukua anagaragara, hakuna aliyemweleza kitu, afanye nini? Apige makofi? Sufuria la uji shuleni siku ya dawa ni sehemu ya dawa. Kikao na wazazi wiki moja kabla ni sehemu ya dawa. Hivyo viwili ndivyo vinavyofutwa kwanza bajeti ikibana.

Na bajeti imebana. Vidonge vyenyewe tunapewa bure na watengenezaji, hata praziquantel ya mashuleni tunapewa na Merck ya Ujerumani kupitia Shirika la Afya Duniani. Ila kidonge hakitembei. Mafuta ya gari, posho ya mgawa dawa wa kijijini, mafunzo, na hasa kurudi kupima baada ya kugawa, sehemu kubwa ya hayo ilikuwa inalipwa na wafadhili. Mwanzoni mwa 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mnajua wenyewe kwenye wilaya zenu nini kilisimama nayo. Kawaida yetu fedha zikipungua dawa itagawiwa vivyo hivyo, hata kwa baiskeli, maana dawa inaonekana. Kitakachoachwa ni kuhesabu. Na usipohesabu, ugonjwa unapungua sana.

Tegu la nguruwe, yaani mnyoo bapa, na vifafa vyake kule Nyanda za Juu Kusini na Mbulu nitaliacha, kila nguruwe anayezurura ni mada yake. Usubi wa Mahenge, ule unaoleta upofu, nao nitauacha, ingawa unaniuma kuuacha.

Badala yake niwaambie kosa langu. Nilikuwa kijana, nimepewa kazi ya kupima choo cha watoto wa shule kadhaa, wilaya sitaitaja na ofisi sitaitaja. Tulitengeneza slaidi pale pale shuleni asubuhi, kwa uangalifu wote: choo kinapitishwa kwenye wavu, kinajazwa kwenye kile kitundu kinachobeba miligramu 41.7, sawasawa kama kitabu kinavyosema, kinafunikwa na karatasi laini iliyolowekwa kwenye gliserini yenye rangi ya kijani. Darubini ilikuwa mjini, hospitali ya wilaya. Tukapanga slaidi kwenye sanduku tukaondoka. Njiani tairi likapasuka, la akiba halikuwa na upepo, tukakaa. Tukafika alasiri, nikasoma slaidi zote mpaka usiku, sikuruka hata moja. Nilihesabu mayai, nikazidisha mara 24 kupata idadi kwa gramu, hesabu zangu zilikuwa safi. Safura niliipata kwa watoto watatu tu kati ya zaidi ya sitini. Mwaka wa nyuma yake ilikuwa imejaa. Ripoti ikaandikwa kwamba safura imeshuka, nikapongezwa kwenye kikao, na dawa za shule zile zikapelekwa kwingine kulikoonekana kuna shida zaidi.

Mwaka uliofuata mwenzangu alikwenda shule zile zile na darubini ya kioo, ile ya kutumia mwanga wa jua, akakaa nayo dirishani pa ofisi ya mwalimu mkuu akasoma slaidi moja baada ya nyingine zikiwa bado mbichi. Zaidi ya theluthi ya watoto walikuwa na safura. Watu wakauliza, imepandaje haraka hivi? Haikuwa imepanda. Mimi ndiye niliyekuwa nimeishusha. Kulikuwa na msichana mmoja wa darasa la nne, namkumbuka kwa sababu viganja vyake vilikuwa vyeupe kama karatasi, na kwenye kitabu changu nilikuwa nimemwandikia sifuri kwa mwandiko mzuri kabisa.

Kosa lilikuwa wapi? Sitawaeleza. Binti uliyekaa mwisho, karibu na dirisha, naomba uinuke. Washa taa ya darubini. Usiisogeze slaidi kwanza, kaa vizuri, rekebisha macho yako. Muda tulioanza ni saa tatu na nusu, sasa hivi inakaribia saa tano. Nina karatasi yenu hapa: safura 14, mjeledi 9.

Anza na mjeledi. Tembeza taratibu, kona hadi kona.

Tisa? Vizuri, wote wapo.

Sasa safura. Usiharakishe. Mwenzako naye aje atazame, msije mkasema ni macho ya mtu mmoja.

Semeni kwa sauti, mgeni rasmi asikie. Ngapi?

Ndiyo. Ni gliserini. Yai la safura lina ganda jembamba, gliserini inalisafisha mpaka halionekani tena. Kisomeni ndani ya nusu saa, ikizidi sana saa moja. Slaidi zangu za siku ile zilikaa ndani ya gari kwa muda wa saa tano.